Je, Bwawa la Koi Linahitaji Chumvi? Namna ya Kuamua, Kupima, Kuweka na Kuiondoa

Maswali ni yale yale. Nimejenga bwawa, niweke chumvi kiasi gani? Koi wangu anajisugua ukutani, nimwage chumvi? Niliweka chumvi miezi sita iliyopita, bado ipo majini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufanyika, na tafadhali usome hadi mwisho kabla hujafungua mfuko wa chumvi, kwa sababu kuiweka ni rahisi mno na kuitoa ni kazi ya wiki kadhaa.

Jibu lenyewe ni hili: bwawa lenye maji safi, filta iliyokomaa (yaani yenye bakteria wa kutosha wa kusafisha maji) na samaki wazima halihitaji chumvi. Koi ni samaki wa maji baridi, si wa bahari. Chumvi kwake ni dawa, na kama dawa nyingine yoyote lazima uwe na sababu ya kuitumia, ujue kipimo chake, na upange siku ya kuanza na siku ya kuacha.

Wapo wanaoweka kidogo mwaka mzima "kwa ajili ya kinga". Tunakusihi usifanye hivyo. Vimelea vinavyoishi kwenye chumvi kidogo siku zote huizoea, na siku unapoihitaji kweli unakuta haviguswi. Tayari kuna Trichodina na Costia wanaostahimili asilimia 0.3 bila shida, kipimo ambacho zamani kiliwamaliza. Halafu kuna suala la ute. Ni kweli koi hutoa ute zaidi ukimwekea chumvi, na watu hulichukulia hilo kuwa dalili ya afya. Ute huo huongezeka kwa sababu ngozi inawashwa. Kwa muda mfupi una faida, lakini kumwacha samaki akiwashwa mwaka mzima hakumsaidii.

Kwa nini basi chumvi humsaidia samaki mgonjwa?

Nadharia ni kidogo tu. Ndani ya mwili wa koi kuna chumvi karibu asilimia 0.9, na maji ya bwawa karibu hayana. Kwa hiyo maji huingia mwilini mwake bila kukoma kupitia matamvua na ngozi. Figo huyatoa usiku na mchana, na matamvua hufanya kazi ya kurudisha chumvi inayopotea. Koi mzima anaimudu kazi hiyo. Mwenye kidonda kilichochimbika, au aliyetoka kusafirishwa akiwa hoi, anapoteza chumvi na kuingiza maji kuliko anavyoweza kuyatoa. Ukiyapandisha maji ya bwawa hadi asilimia 0.3, tofauti kati ya ndani na nje hupungua, naye anapata nguvu ya kupona.

Kazi ya pili ya chumvi ni dhidi ya nitriti, sumu inayotokea bakteria wa filta wanapovunja amonia ya uchafu wa samaki, na hapa ndipo inapookoa koi wengi kuliko mahali pengine popote. Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua, kwa njia ile ile inayopitisha kloridi. Chumvi ni sodiamu na kloridi. Kloridi ikiwa nyingi majini, inaishika njia hiyo na nitriti inabaki nje. Asilimia 0.1 inatosha.

Anayeuliza kama kloridi ni sawa na klorini ya maji ya bomba: hapana. Klorini huunguza matamvua na lazima iondolewe. Kloridi ni sehemu ya chumvi na haina madhara kwa vipimo hivi.

Lini uweke, lini usiweke

Weka asilimia 0.1 pale kipimo kinapoonyesha nitriti. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye bwawa jipya, baada ya kuosha filta kupita kiasi, au ulipoongeza samaki wengi kwa mpigo.

Weka asilimia 0.3 kwa koi mwenye vidonda, kwa koi wapya walio kwenye tangi la karantini, au kwa vimelea vidogo vya ngozi na matamvua kama Costia, Chilodonella na ugonjwa wa madoa meupe, ukijua kwamba baadhi vinaweza kuwa vimeshaizoea.

Usiweke kwa sababu maji ni ya kijani. Mwani unaoelea haujali chumvi ya kiwango hicho. Usiweke kwa amonia, kwa kuwa chumvi haizuii sumu yake hata kidogo. Chawa wa samaki na minyoo nanga, wale unaoweza kuwaona kwa macho wamejishikiza ubavuni, hawafi kwa chumvi ya bwawa. Minyoo bapa ya matamvua nayo huhitaji dawa yake.

Na usiweke kwa sababu tu koi amejisugua mara moja. Koi hujikuna wakati mwingine kama kiumbe chochote. Akijisugua mara kwa mara siku nzima, au wakifanya hivyo wengi kwa pamoja, hapo kuna jambo. Hata hivyo jambo la kwanza kushuku ni maji.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vipimo vya maji vya matone: amonia, nitriti, pH na ugumu wa kaboneti (madini yanayozuia pH isiyumbe). Vile vya vijiti hudanganya kwenye viwango vidogo, na viwango vidogo ndivyo unavyovitafuta.

Mizani inayopima kilo, na nyingine ndogo inayopima gramu moja moja. Kopo si kipimo. Chumvi ya mawe na chumvi laini zikijaza kopo moja huwa na uzito tofauti.

Mita ya TDS, inayosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, au refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Usinunue kile kipimo cha kuelea cha maji ya bahari, kwa sababu kwenye asilimia 0.1 hadi 0.3 hakisogei vya kutosha kusomeka.

Ndoo mbili za lita 10 au zaidi, kijiti cha kukorogea, pampu ya hewa yenye jiwe lake, na dawa ya kuondoa klorini kama unatumia maji ya bomba.

Kisha chumvi yenyewe. Unataka sodiamu kloridi tupu. Geuza mfuko usome viungo: pakiwa na neno moja tu, chumvi, umepata. Watu huogopa madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya mezani, ila kiasi chake ni kidogo mno kumdhuru koi. Cha kuogopa ni kiungo cha kuzuia chumvi isigandane, kinachoandikwa E535 au E536. Hicho ni ferosianidi, na mwanga wa jua unaweza kuivunja ikatoa sianidi. Kiasi chake ni kidogo, lakini utaweka kilo kadhaa kwenye bwawa linalopigwa na jua kutwa, na chumvi isiyo na kiungo hicho inapatikana. Chukua hiyo. Chumvi ya mawe ya kulainishia maji nayo inafaa kama ni safi, haina kiondoa kutu wala sabuni.

Visivyofaa kabisa: mchanganyiko wa chumvi wa matangi ya samaki wa baharini, kwani hupandisha pH na ugumu wa maji, chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti na ina kazi nyingine, na matofali ya chumvi ya kulambwa na mifugo, ambayo huwa na shaba na madini mengine.

Hatua kwa hatua

1. Pima maji, uandike. Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri. pH iwe kati ya 7 na 8.5, na isiyumbe sana kati ya asubuhi na jioni. Ukikuta amonia, badilisha asilimia 20 hadi 25 ya maji, punguza chakula, ongeza hewa, kisha ukague filta. Mara nyingi hapo tatizo linaisha na chumvi haihitajiki. Ukikuta nitriti, fanya hayo hayo kisha uendelee na hatua zinazofuata kwa lengo la asilimia 0.1.

2. Mwangalie samaki. Mshike kwa mikono iliyoloa, ndani ya beseni la maji ya bwawa, uinue kifuniko cha matamvua taratibu kwa kidole gumba. Matamvua ya koi mzima yana wekundu wa damu mbichi na nyuzi zake zimepangana kama meno ya kitana. Yakiwa ya kahawia kama chokoleti, nitriti imeshaingia kwenye damu, na hata ukiweka hewa nyingi kiasi gani atazidi kuhema, kwa sababu damu yenyewe haibebi oksijeni ipasavyo. Yakiwa meupe, yameliwa kingo au yamefunikwa na ute mzito, shuku vimelea. Kama una hadubini au unamjua mwenye nayo, chukua ute kidogo ubavuni, nyuma ya pezi la kifuani, ukauangalie saa hiyo hiyo. Dakika kumi za hadubini zinakuokoa na wiki mbili za kubahatisha.

3. Kokotoa ujazo wa bwawa. Kwa bwawa la mstatili zidisha urefu, upana na kina cha wastani kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Bwawa la mita 4 kwa 2.5 lenye kina cha wastani cha mita 1.2 lina lita 12,000. Kwa bwawa la mviringo zidisha 3.14 kwa nusu kipenyo, kwa nusu kipenyo tena, kwa kina, halafu kwa 1,000. Neno la muhimu ni wastani: ukitumia kina cha shimo la katikati peke yake, utazidisha dozi. Ongeza na maji yaliyomo kwenye filta.

4. Pata alama yako ya lengo. Mita za TDS hazisomi sawa, maana kila kiwanda kina kanuni yake ya kugeuza umeme wa maji kuwa namba. Kwa hiyo usitafute namba kwenye maelezo ya mtu mwingine. Chota lita 1 kamili ya maji ya bwawa, usome mita, uandike. Ongeza gramu 1 ya chumvi yako, koroga mpaka maji yawe maangavu, usome tena: hiyo ndiyo asilimia 0.1 ya bwawa lako kwa mita yako. Ongeza gramu 2 nyingine, soma: hiyo ni asilimia 0.3. Bandika namba hizo tatu kwenye mfuko wa chumvi.

Kama kuna chumvi ya zamani ambayo hujui kiasi chake, fanya jaribio hilo kwa maji ya chanzo unayojazia bwawa, kisha ulinganishe na yaliyomo bwawani. Tofauti kubwa inamaanisha chumvi bado imo.

5. Ondoa vinavyodhurika. Zeolaiti itangulie. Madini haya hunyonya amonia kutoka majini, na yakikutana na chumvi huiachia yote kwa pamoja. Ndiyo maana watu huyasafisha kwa kuyaloweka kwenye maji ya chumvi. Ukiyaacha ndani ya filta ukamwaga chumvi, unaweza kuamka na bwawa lililojaa amonia. Hamisha pia mimea. Gugu-maji hunyauka mapema sana, yungiyungi huvumilia karibu asilimia 0.1, na kwenye 0.3 mingi hufa. Konokono wa maji baridi nao wahamishe.

6. Zima umeme, kagua nyaya. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Waya wa pampu uliochubuka, ambao haukuwahi kukuletea shida, sasa unaweza kukudhuru wewe na samaki. Ukimaliza ukaguzi washa pampu na hewa. Maji lazima yazunguke muda wote wa kazi. Taa ya UV inaweza kuendelea kuwaka.

7. Pima chumvi kwa mizani. Kilo 1 kwa kila lita 1,000 inakupa asilimia 0.1. Kwa bwawa letu la lita 12,000 ni kilo 12 kwa asilimia 0.1, na kilo 36 kwa asilimia 0.3. Igawe: asilimia 0.1 leo, 0.1 kesho, 0.1 keshokutwa. Dozi ya siku moja igawe tena mara mbili au tatu, asubuhi mpaka jioni.

8. Yeyusha kwenye ndoo. Chota maji ya bwawa lita 8 hivi, tia chumvi kilo 1 mpaka 2, ukoroge. Mwanzoni maji yanachafuka kama ya tui, kisha yanatulia na punje zinabaki zinazunguka chini. Endelea. Pitisha mkono kwenye sakafu ya ndoo. Ukisikia punje hata chache, bado.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na tunaomba usiiruke. Koi hula kwa kufukua chini. Anaona punje nyeupe sakafuni, anazivuta mdomoni kama chakula, na chumvi nzima nzima inaunguza midomo na matamvua yake. Hata asipozila, rundo la chumvi chini hutengeneza tabaka la maji makali, na mgonjwa aliyelala sakafuni analala humo humo.

9. Mwaga taratibu ukizunguka bwawa. Mwaga kwa mchirizi mwembamba pale mkondo wa pampu unapopiga, mbali na samaki. Usimwage kwenye mdomo wa kuingizia maji kwenye filta wala ndani ya filta yenyewe, kwa maana bakteria wanaosafisha maji watapigwa na chumvi kali kwa ghafla. Wakipandishiwa polepole huvumilia asilimia 0.3.

10. Subiri, kisha pima. Mpe maji saa kadhaa ya kuzunguka, ukiweza mpaka kesho yake asubuhi, usome mita sehemu mbili tofauti za bwawa. Sasa unaweza kujua hata ujazo wa kweli. Tuseme uliweka kilo 12 ukitegemea kupata gramu 1 kwa lita, ukapata 0.8. Gawanya gramu 12,000 kwa 0.8 na unapata lita 15,000. Bwawa lako ni kubwa kuliko ulivyodhani. Ukipata 1.2, ni lita 10,000, na dozi za siku zilizobaki lazima uzipunguze. Hifadhi namba hii, kwa sababu dawa nyingine zote utakazowahi kutumia zitategemea ujazo sahihi, na nyingi hazina huruma kama chumvi.

11. Fuatilia kila siku. Amonia, nitriti na chumvi, kwa wakati ule ule wa siku. Punguza chakula hadi nusu. Safisha matope chini ya bwawa.

12. Jua siku ya kuacha. Kama ulikuwa unapambana na nitriti, subiri isome sifuri siku tano hivi mfululizo. Kwa vidonda, subiri hadi nyama ya waridi ianze kufunga kutoka kingoni. Kwa vimelea, wiki mbili ni kawaida, ila joto la maji ndilo linaloamua: ugonjwa wa madoa meupe humaliza mzunguko wake ndani ya siku chache kwenye nyuzi 25, na huchukua wiki nyingi maji yakiwa nyuzi 10. Wala usishangilie madoa yakipotea ngozini. Vimelea vimeanguka kwenda kuzaliana chini, na chumvi inavipata vile vichanga vinapotoka kutafuta samaki, si vikiwa vimejificha ndani ya ngozi.

Kuitoa

Chumvi haigeuki mvuke. Jua likipunguza maji kwa sentimita tano, chumvi yote imebaki, imekolea tu. Kwa hiyo maji yaliyopungua kwa jua yajazie kwa maji matupu. Maji uliyoyatoa wewe, au yaliyofurika kwa mvua, yameondoka na chumvi yake.

Wakati tiba inaendelea, ukibadilisha asilimia 20 ya lita 12,000 umetoa lita 2,400, na kwenye asilimia 0.3 hizo zimebeba kilo 7.2 za chumvi. Yeyusha kilo 7.2 kwenye maji mapya ili usishuke. Tiba ikiisha, badilisha bila kuongeza. Kwa asilimia 25 kila safari, utatoka 0.3 hadi 0.225, halafu 0.17, halafu 0.13, halafu chini kidogo ya 0.1. Mara nne hizo zigawe katika wiki mbili au tatu, ukiondoa klorini kila mara. Usimwage maji hayo kwenye bustani wala shina la mti, na usiyaelekeze mtoni au ziwani.

Mimea irudi chumvi ikishuka chini ya asilimia 0.05. Zeolaiti isubiri mpaka mita isome karibu na maji ya chanzo.

Kumwogesha koi mmoja

Kuna nyakati mgonjwa ni mmoja na bwawa ni kubwa. Badala ya kutibu lita 12,000, unaweza kumwogesha kwenye beseni. Lita 50 za maji ya bwawa lile lile, joto lile lile, na kilo 1 ya chumvi iliyoyeyuka kabisa: hiyo ni asilimia 2. Jiwe la hewa liwe linapuliza, saa iwe mkononi, na ndoo ya maji matupu ya bwawa kando. Dakika 5, zisizidi 10. Usiondoke hata kuitikia simu. Akilala ubavu asijirudishe, mtoe hapo hapo hata kama ni dakika ya pili. Ute utamwagika kwa vipande vyeupe, ni kawaida. Koi wadogo, walio hoi tayari, au wenye matamvua ya kahawia usiwaogeshe hivi.

Usiuchanganye uogeshaji huu na dozi ya bwawa. Asilimia 2 ni ya dakika chache. Aliyeiweka bwawani ameua samaki na filta pamoja.

Makosa yanayojirudia

Kuongeza chumvi "kidogo tu" kila mwezi bila kupima. Baada ya mwaka mtu ana asilimia 0.4 na hajui, na filta yake inasuasua bila sababu anayoiona.

Kuchanganya na dawa nyingine. Soma kibandiko cha dawa kabla, na zenye formalini usizitumie bwawani likiwa na chumvi ya kutibu. Shusha kwanza, kisha tibu.

Kusahau hewa. Samaki mgonjwa anahema kwa shida hata kabla ya chumvi.

Kuweka asilimia 0.3 kwa nitriti, ilhali 0.1 ingetosha. Zile kilo 24 za ziada hazikuongezei kitu dhidi ya nitriti, na utazitoa kwa jasho.

Mambo yakienda kombo

*Koi wameanza kurukaruka au kukimbizana muda mfupi baada ya kumwaga.* Dozi imeingia haraka au haikuyeyuka. Ongeza mzunguko wa maji, angalia sakafu kama kuna punje, uzifyonze kwa bomba. Usiweke dozi inayofuata mpaka watulie siku nzima.

*Amonia imepanda siku ya pili.* Angalia filta kama kuna zeolaiti iliyosahaulika, hata ile iliyochanganywa na mkaa kwenye mfuko. Kama haipo, filta imeshtuka: acha kulisha siku mbili tatu, badilisha maji asilimia 20, rudisha chumvi ya sehemu hiyo, pima kesho.

*Nitriti haishuki japo chumvi ipo.* Chumvi haiondoi nitriti, inaizuia isiingie kwenye damu. Ni filta itakayoiondoa ikikomaa, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Muda wote huo tunza asilimia 0.1, lisha kidogo sana, uangalie ugumu wa kaboneti usiporomoke, kwani bakteria wa filta huutumia.

*Mita inasoma chini kuliko hesabu.* Ama bwawa ni kubwa kuliko ulivyokadiria, ama linavuja, ama mvua imefurisha. Weka alama ukutani kwenye usawa wa maji, uangalie kwa saa 24 siku isiyo na mvua, usiku hasa, jua lisipokuwepo la kuyapunguza.

*Mita inasoma juu.* Badilisha maji kidogo kidogo. Kwa koi, asilimia 0.4 kwa siku chache haiui. Usikimbilie kubadilisha nusu ya bwawa kwa mkupuo, maana mshtuko huo ni mbaya kuliko chumvi yenyewe.

*Siku saba kwenye asilimia 0.3 na bado wanajisugua.* Usipandishe hadi 0.5 kwa kubahatisha. Ama vimelea vimeizoea chumvi, ama ni minyoo bapa, ambayo haikuwa ya kutibiwa kwa chumvi tangu mwanzo. Rudi kwenye hatua ya 2 na hadubini, na kabla ya kutumia dawa itakayotajwa, anza kushusha chumvi leo.

*Yungiyungi limeanza kukauka kingo za majani.* Lihamishie kwenye beseni la maji matupu. Shina likiwa bado gumu chini ya tope, litachipua.